Juu ya Picha za Wadudu

Katika lugha yetu neno mdudu hubeba mzigo mkubwa. Nzi ni mdudu na nyuki ni mdudu. Lakini buibui, nge, tandu, jongoo na kupe nao huitwa wadudu, ijapokuwa mtaalamu wa elimu ya viumbe huwatenga. Yeye husema kuwa mdudu halisi ana miguu sita, na mwili uliogawanyika sehemu tatu, yaani kichwa, kifua na tumbo. Buibui ana miguu minane, na jongoo ana miguu isiyohesabika kwa haraka. Basi hawa hawamo katika daftari lake. Sisi hatukuijali hesabu hiyo. Kila kiumbe kidogo kitambaacho au kirukacho tumekitia katika kapu moja; hata viini vya maradhi, visivyoonekana kwa macho, tumeviita vijidudu. Na mtu akitaka kumdunisha mwenziwe humwita mdudu. Hivyo jina lenyewe limekuwa la dharau, na kitu tunachokidharau ni nadra kukitazama.

Nataka, msomaji, tuzungumze juu ya picha za viumbe hawa. Siku hizi kamera imo ndani ya simu, na simu imo mikononi mwa watu wengi. Kutoka Likoni mpaka Changamwe, na kutoka Changamwe mpaka Kisauni, kijana aweza kupiga picha ya kereng'ende au kipepeo katika muda wa kufumba na kufumbua. Madhali picha zimekuwa nyingi, imetupasa kujifunza kuzipima, kama tunavyojifunza kupima shairi au hadithi. Picha ipi ni nzuri, na ipi ni mbovu? Na hiyo iliyo nzuri yatufaa nini?

Watu wengi watajibu kwamba picha nzuri ni ile iliyo wazi na yenye rangi, ambayo mdudu huonekana mkubwa hata vinyweleo vya miguu yake vyaweza kuhesabiwa. Jibu hilo si uongo, lakini ni nusu ya jibu. Maoni yangu ni kuwa picha ya mdudu hutimia inapotuonyesha mambo mawili pamoja: umbo lake na kazi yake. Nitajaribu kueleza sababu kwa mifano, nawe utahukumu mwenyewe.

Njia hizi mbili, ya umbo na ya kazi, ni za zamani kuliko kamera. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitoa kitabu kiitwacho Micrographia. Ndani yake mlikuwa na michoro ya vitu alivyovitazama kwa hadubini, na mmojawapo ulikuwa mchoro wa kiroboto, mkubwa hata karatasi yake ilibidi kukunjwa ili ipate kuenea kitabuni. Kiumbe ambaye watu walimjua kama nukta nyeusi nguoni alionekana amevaa magamba, kama askari aliyevaa deraya. Miaka 40 baadaye, mwaka 1705, mwanamke mzaliwa wa Ujerumani, Maria Sibylla Merian, alitoa kitabu juu ya wadudu wa Suriname, nchi ya Amerika ya Kusini ambako alisafiri mwaka 1699 ili awatazame wangali hai. Merian hakumchora mdudu peke yake. Alimchora juu ya mmea wake, na mara nyingi katika ukurasa mmoja alikusanya kiwavi, kifukofuko na kipepeo, ili mtazamaji afahamu kuwa hao watatu ni kiumbe mmoja katika nyakati mbalimbali za maisha yake. Hooke alitufundisha mdudu alivyo; Merian alitufundisha mdudu anavyoishi. Wapiga picha wa leo ni wanafunzi wa mmoja wa walimu hawa, wajue wasijue.

Kabla ya kuwahukumu, yafaa tujue shida yao. Lenzi inapomkaribia sana mdudu, eneo linaloonekana wazi huwa jembamba mno. Jicho likiwa wazi, miguu hufifia. Miguu ikiwa wazi, jicho hufifia. Tena mwanga hupungua, na mtikisiko mdogo wa mkono, ambao usingeidhuru picha ya nyumba, huivuruga picha ya sisimizi. Huku kwetu pwani pana na upepo. Msimu wa kusi, ua la mpilipili halitulii hata kwa dakika moja, na nyuki aliyelitua huyumba pamoja nalo. Kwa hiyo usiicheke upesi picha yenye ukungu kidogo. Uliza kwanza ilipigwa wapi, na kwa taabu gani.

Mpiga picha wa Uingereza, Levon Biss, aliishinda shida hiyo kwa namna ya ajabu. Mwaka 2016, katika makumbusho ya elimu ya viumbe ya Chuo Kikuu cha Oxford, alionyesha picha zake zilizopewa jina la Microsculpture. Aliwachukua wadudu wakavu waliohifadhiwa katika makumbusho yale, akampiga kila mmoja kipande kwa kipande, sehemu kama 30, kila sehemu kwa mwanga uliopangwa kwa ajili yake. Baina ya picha na picha, kamera ilisogezwa kwa kiasi cha sehemu moja katika mia ya milimita. Mwishoni picha kama 8,000 ziliunganishwa zikawa picha moja, na mdudu wa milimita chache akasimama ukutani kwa ukubwa wa hata mita 3. Hakuna kilichofifia. Mifereji ya mgongo, vishimo vya macho, rangi zinazogeuka kama mafuta juu ya maji, vyote vimo.

Kazi hiyo yastahili sifa, nami siinyimi. Mtu aliyezisimamia picha hizo hawezi tena kusema kwamba udogo ni upungufu. Lakini tuzitazame mara ya pili. Nyuma ya mdudu pana weusi mtupu. Hapana jani, wala udongo, wala tone la maji. Hatuambiwi alikula nini, wala aliliwa na nani, wala alitaga wapi. Ni kama mvuvi aliyenyang'anywa mshipi na ngalawa, akasimamishwa mbele ya pazia jeusi: uso wake twauona, uvuvi wake hatuuoni. Hilo si kosa la Biss. Jina alilolipa kazi yake latangaza kuwa alitafuta uchongaji mdogo, yaani umbo, na alichokitafuta alikipata. Kosa litakuwa letu, iwapo tutadhani kwamba elimu ya mdudu imekwisha pale vinyweleo vyake vilipohesabiwa.

Sasa tutazame kazi ya namna ya pili, iliyofanyika hapa Kenya. Ni picha zinazokwenda, lakini zapimwa kwa kipimo kile kile. Mwaka 2005 Mark Deeble na Victoria Stone walitoa filamu iitwayo The Queen of Trees, yaani Malkia wa Miti. Habari yake ni mkuyu, pamoja na nyigu anayeishi ndani ya matunda yake, mdogo hata aweza kupita katika tundu la sindano. Jike la nyigu huyo huingia katika kuyu kwa njia nyembamba, na katika kujipenyeza mabawa yake hukatika. Ndani mna maua madogo yaliyofichwa. Huko hutaga mayai, na huyapaka maua chavua aliyokuja nayo, kisha hufa. Watoto wake wa kiume hawana mabawa. Hutoboa njia ya kutokea, lakini wao wenyewe hawana safari. Majike hupita njia ile wakiwa wamebeba chavua, wakaenda kutafuta kuyu jingine. Bila nyigu, mkuyu haupati mbegu. Bila mkuyu, nyigu hana pa kuzaa. Na kwa kuwa ndege, popo, nyani na tembo hula makuyu, wanyama wengi wa msituni wana deni kwa mdudu ambaye wao hawamwoni.

Filamu hiyo ilipata tuzo ya Peabody, na mimi nasema iliistahili, kwa sababu haikutenga umbo na kazi. Twamwona nyigu kwa karibu, kisha twauona mti, kisha twamwona tembo chini ya mti, na akili yetu huwaunganisha wote watatu. Hata hivyo nayo haikosi la kuulizwa. Ndani ya kuyu ni giza. Kila tunachokiona humo kimeangaziwa na taa ya mtu. Nyigu hafanyi kazi yake mbele ya mwangaza. Je, huo ni udanganyifu? Kwa maoni yangu sio, maana taa haikuigeuza kazi ya nyigu, ila imeifunua. Kuhusu jina la malkia, msomaji awe na hadhari. Mti hautawali, wala nyigu hamtumikii mtu. Majina ya kibinadamu hutuvuta tupende, lakini yaweza kutusahaulisha kuwa viumbe hawa wana mambo yao, yasiyohusu viti vyetu vya enzi.

Upo udanganyifu ulio mbaya zaidi. Wako wapiga picha wamtiao mdudu katika jokofu mpaka alegee kwa baridi, kisha wakamweka juu ya ua ambalo hajapata kulitua maishani mwake. Wako wamfungao kwa uzi, na wambandikao kwa gundi, kisha uzi na gundi wakavifuta katika picha. Ukionyeshwa vunjajungu aliyempanda konokono kama mtu apandaye farasi, usistaajabu kabla ya kuuliza nani alimpandisha. Picha ya namna hiyo yaweza kuwa nyangavu kuliko zote, na bado ikawa ushahidi wa uongo. Vunjajungu ana kazi yake: hutulia jani kwa jani akisubiri windo, mikono ameikunja, na mwindaji huyo yatosha kumpiga alipo. Aliyemhamisha ameipoteza habari njema ili apate kichekesho.

Mfano wangu wa tatu uko karibu nasi, Bamburi, upande wa Kisauni. Kiwanda cha saruji kilianza kazi huko mwaka 1954, na kwa kuchimba mawe ya matumbawe kiliacha mashimo mapana, meupe, yasiyo na udongo. Mwaka 1971 mtaalamu wa miti, René Haller, alianza kujaribu kuyaotesha. Katika aina 26 za miti alizozipanda, 3 tu zilistahimili, na mojawapo ni mvinje. Mivinje ikakua. Majani yake, membamba kama sindano, yakaanguka, yakalala juu ya mwamba, wala hayakuoza. Na pasipo kuoza hapana udongo. Ndipo alipoonekana jongoo, yule mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu, akiyala majani yale. Majongoo wakakusanywa kwa mamia, wakaletwa. Walikula, wakaacha samadi, na samadi ikawa mwanzo wa udongo. Juu ya udongo ule iliota miti mingine, wakaja ndege na wanyama, na mahali hapo pakafunguliwa kwa watu mwaka 1984. Leo paitwa Haller Park. Wengi huenda kuwatazama viboko, twiga na kobe; wachache huinama kumtazama aliyewatandikia.

Wanafunzi wawili wamewahi kuniletea picha za jongoo. Ya kwanza ilipendeza sana. Jongoo amewekwa juu ya sahani nyeupe, amejikunja kama kamba ya meli, na kila pingili ya mwili wake yametameta. Ya pili ilikuwa dhaifu kwa upande wa ufundi: kichwa kimo kivulini, na pembe moja ya picha imefifia. Lakini jongoo wa picha hii amezama nusu katika majani makavu ya mvinje. Kando yake pana vidonge vya samadi, chini yake udongo mweusi, na ukingoni pameonekana kipande cha jiwe jeupe. Darasa zima liliichagua ya kwanza. Mimi naichagua ya pili, na sababu zangu ni hizi. Jongoo hujikunja anapoogopa. Basi picha ya kwanza imetuonyesha hofu yake tu, tena hofu tuliyomtia sisi wenyewe. Picha ya pili imetuonyesha jiwe, jani, jongoo na udongo kwa pamoja, yaani historia yote ya mahali pale katika karatasi moja. Tena majani ya mvinje, ambayo kila mtu wa pwani ayajua, yametupa kipimo cha ukubwa wa jongoo bila kuhitaji rula. Sahani haikutupa hata kipimo hicho, maana ziko sahani kubwa na ziko ndogo.

Pengine utasema, msomaji, kwamba haya ni mabishano ya wenye nafasi, na kwamba mdudu ni wa kukanyagwa. Nakuomba usikate shauri bado. Mwishoni mwa mwaka 2017 na mwanzoni mwa 2018, ugonjwa wa chikungunya uliingia Mombasa, na watu wengi walilala kwa maumivu ya viungo. Jina la ugonjwa huo ni la Kimakonde, na maana yake ni kujikunja. Ulijulikana kwanza katika nchi ya Newala, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952. Aletaye chikungunya ni mbu, lakini si yule wa malaria. Mbu wa malaria, anofelesi, akitua ukutani huinua nyuma yake, na mwili wake huwa mshazari. Mbu wa chikungunya, aitwaye Aedes, mwili wake hulala sambamba na ukuta, na miguu yake ina mapete meupe. Wa kwanza huuma usiku. Wa pili huuma mchana, tena hupenda kutaga katika maji ya mtungi, ya kopo, na ya magurudumu makuukuu. Huko Changamwe, penye viwanda na malori mengi, gurudumu kuukuu si kitu cha kutafutwa.

Basi tafakari: mtu ajuaye mbu mmoja tu atatandika chandarua usiku, akaona ametimiza wajibu, kisha mchana aumwe akiwa ameketi kando ya kopo la maji. Picha njema ingemsaidia. Lakini picha ya mbu iliyopigwa kutoka juu, hata ikiwa wazi kama kioo, huuficha ule mshazari, na mtazamaji hatambui ni yupi. Picha iliyopigwa kutoka ubavuni, yenye ukuta ndani yake, hata ikiwa si nyangavu, humfundisha kutenganisha. Na mabango mengi ya afya yamchorayo mbu mkubwa kama jini hutisha zaidi kuliko yanavyofundisha. Mtu akiogopa bila kujua hupiga kila kirukacho. Huua nyuki, huua kereng'ende anayekula mbu, na mbu mwenyewe humwacha akizaliana mtungini.

Kwa hiyo shida ya kapu letu moja la wadudu ni kwamba adui na rafiki wamelala humo pamoja. Kamera yaweza kutusaidia kuwatenga, nayo yaweza kutuzidishia mchanganyiko. Yategemea aishikaye na aitazamaye. Wazee walisema: fuata nyuki ule asali. Hawakusema mkamate nyuki umweke mezani. Kufuata ni kwenda naye mpaka kazini kwake, na huko ndiko iliko faida.

Ukitaka kujaribu, hapana haja ya safari ndefu. Tafuta mwembe, kwa mfano huko Likoni, wenye wale siafu wa mitini waitwao maji moto, na usisimame karibu mno, maana jina lao halikutolewa bure. Utaona nyumba zao za majani yaliyoshonwa. Ukibahatika kukuta nyumba mpya inajengwa, utawaona wengine wakiyavuta majani yakutane, na wengine wamewashika watoto wao wachanga midomoni, wakiwapitisha huku na huku ili watoe uzi wa kuyaunganisha. Piga picha ya siafu mmoja, kisha piga picha ya ushonaji wote. Ziweke pamoja, halafu mwulize mwenzako ambaye hakuwapo: ni ipi iliyomwambia jambo asilolijua?

Na utakapoonyeshwa picha ya mtu mwingine, iulize maswali machache. Mdudu huyu ni nani, na alikuwa wapi? Ukubwa wake naupima kwa kitu gani? Alikuwa akifanya nini, na alikifanya kwa hiari yake au kwa kulazimishwa? Picha iwezayo kujibu maswali hayo, ihifadhi, hata kama imefifia pembeni. Ile isiyoweza, isifu kwa rangi zake, kisha tafuta nyingine.